Ngazi ya Kwanza

Ripoti za Pimio la Jimbo zilishuka siku ya Jumanne, mvua ikinyesha, na aliyezisoma ni mimi.

Tulikuwa kwenye kituo cha kukusanyia chai, akina mama tisa, tumekaa juu ya magunia tukisubiri trela. Kati ya wote hao mwenye miwani na darasa la nne alikuwa mmoja, mimi Subilaga. Wenzangu waliishia la kwanza, wengine hawakuanza kabisa. Sisi ni wale wa miaka ya homa kubwa, shule zilipofungwa na kila mtoto akakatiwa pale pale alipofika, kama mgomba uliokatwa na panga. Mimi nilikatiwa la nne. Kijijini kwetu hilo lilinifanya msomi.

Ripoti ilikuja kwa karatasi hai, nyembamba kama ganda la kitunguu. Karatasi hai haina wino. Hutazama macho ya anayeitazama, ikamjua ni nani na kiasi chake ni kipi, ndipo maandishi yakajitokeza. Zamani zilikuwa zinasema kwa sauti, lakini watu wakalalamika kwamba majirani wanasikia, jimbo likazinyamazisha. Basi kila mama akashika ya mwanawe, mimi nikawa nachungulia begani.

Nilianza na yangu. Ikupa ni mjukuu wangu, mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka miwili, nimemlea kwa mgongo huu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, anamaliza darasa la sita. Siku tisa nzima alikuwa amevaa shanga ya Pimio nyuma ya sikio, shanga inamwuliza maswali kimya kimya kichwani, naye anajibu hata akiwa anaosha vyombo.

"Ikupa Mwakalindile," nikasoma. "Ngazi ya Kwanza."

"Weee!" akasema mama Tusekile.

"Subiri. Kuna na nafasi. Nafasi yake, thelathini na moja katika mia."

"Mia gani? Watoto wa jimbo si wamejaa kama siafu?"

Nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. "Nadhani ni wale mia bora," nikasema. "Yeye ni wa thelathini na moja."

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata wapima chai waliacha mzani. Mama Tusekile alinikumbatia na kikapu changu mgongoni. Na mtoto wake naye, ngazi ya kwanza. Na wa jirani yake, ngazi ya kwanza. Kijiji chetu cha juu kule ambako hata barabara inafika imechoka, watoto wanane ngazi ya kwanza! Chini ya kila karatasi kulikuwa na duara dogo na maneno, NIMEELEWA NA NIMEKUBALI. Kando yake duara la pili, MSOMAJI. Wakabonyeza vidole vyao, nami nikabonyeza changu kando ya kila kimoja. Nilibonyeza kwa furaha, sitaki kudanganya.

Ikupa alikuwa amesimama mlangoni, anakunja na kukunjua pindo la sketi.

"Bibi," akasema, "mbona maswali yalikuwa yanazidi kuwa mepesi?"

"Kwa sababu una akili, mama."

Alitazama mvua.

Aliyebaki bila kubonyeza alikuwa Lugano peke yake. Lugano ni jirani yangu na mtani wangu, tunatukanana tangu tukiwa wasichana. Mjukuu wake Ezekia alikuwa amepata Ngazi ya Nne, nafasi tisini na nne. Nilimsomea polepole, kwa huruma.

"Ya nne!" Lugano akaipiga ile karatasi kofi. "Ya mwisho kabisa! Huyu kamfuata babu yake, alikuwa anahesabu ng'ombe wawili anapata watatu."

"Atatulia, Lugano. Wengine huchelewa."

"Usinipe pole ya kujionyesha, Subilaga. Kidole changu siweki kwenye aibu. Nakwenda mjini, wanieleze wamempimaje mtoto huyu, au walimpima mbuzi."

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

*

Siku ya Jumapili Ikupa alinijia jikoni na kitabu chake. Kilikuwa kitabu cha karatasi hai kinachoeleza mlima wetu, kwamba zamani ulitema moto, na jinsi ziwa lilivyopata kukaa kileleni ndani ya shimo la volkano. Alikuwa anakisoma mara ya tatu. Akiniona nachuja maziwa ananisimulia habari za mawe yaliyoyeyuka kama uji.

"Bibi, ukurasa wa arobaini umelala."

"Umelalaje?"

Akanionyesha. Mimi niliona maandishi, kila mstari mahali pake, na picha ya ziwa.

"Mbona yapo?"

"Kwako." Alipitisha kidole katikati ya mstari, juu ya neno, bila kusimama, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Kwangu ni kweupe. Jana ulilala wa sitini. Leo wa arobaini. Unakuja kwa huku."

Nilimwambia kitabu kimepata unyevu. Halafu nikakaa chini nikamsomea ukurasa ule, kwa darasa langu la nne, maneno mengine nikiyagonga kama ng'ombe anayepita kwenye mawe. Alisikiliza hajapepesa. Nilipomaliza akasema ahsante bibi, akaenda zake nje, na mimi nikasahau maziwa mpaka yakamwagika motoni.

Kesho yake, Jumatatu mchana, Lugano akarudi kutoka mjini. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimesimika ngazi kwenye mparachichi, nachuma. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alifika akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anaikunjakunja kanga yake.

"Shuka," akasema.

"Sema tu, nakusikia."

"Shuka, Subilaga. Sitaki uanguke."

Nikashuka. Akanitazama miguuni.

"Hapo ulipo sasa ni ngazi ya ngapi?"

Nilitazama. Nilikuwa nimekanyaga kijiti cha chini kabisa, mguu mmoja tayari uko kwenye matope.

"Ya kwanza," nikasema, na neno lilipotoka nikalisikia.

Sasa wewe nielewe. Maisha yangu yote moja imekuwa juu. Wajomba zangu waliofaulu walipata daraja la kwanza, wakachinjiwa ng'ombe. Chai yetu ikiwa laini, majani mawili na chipukizi, inaitwa daraja la kwanza. Kanisani wanakaa kiti cha kwanza wenye kuheshimiwa. Jimbo lilipobadili neno, likaacha daraja likaandika ngazi, mimi nililisoma lile neno jipya kama lile la zamani. Na kila siku ya Mungu napanda ngazi kwa miguu hii.

"Na ile thelathini na moja?"

"Ukichukua watoto mia moja, Ikupa amewapita thelathini na mmoja. Waliobaki wako mbele yake." Lugano aliinamisha kichwa. "Ezekia amewapita tisini na wanne. Nilikwenda kuwatukana watu, Subilaga, wakanipa soda."

Hakucheka, na mimi nilitamani acheke.

"Na vitabu?"

"Vinalala. Tangu kidole kibonyezwe, kila kilicho juu ya ngazi ya mtoto kinaanza kulala machoni pake, na siku ya saba ikiisha hakiamki tena. Wanasema ni huruma, mtoto asichoshwe na yaliyo juu ya kimo chake. Mwisho wako ni kesho saa kumi jioni."

*

Asubuhi nilimchukua Ikupa, tukaomba kupanda trela tupu la chai linaloteremka mjini. Lugano alikuja bila kuitwa. Tulipopita kwa mama Tusekile nilijifunika kanga mpaka puani. Alikuwa uani anaimba. Manyoya ya kuku wa sherehe yalikuwa bado yametapakaa mlangoni.

Nyumba ya Ufafanuzi ilikuwa na baraza refu na benchi za mbao. Niliwaacha wawili pale nikaingia. Mfafanuzi alikuwa kijana anayeitwa Ambwene, shati limepigwa pasi, macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kufuta kidole changu."

Hakunicheka. Alivuta kiti akakaa upande wangu wa meza, akaitandaza ripoti ya Ikupa tukawa tunaitazama wote wawili.

"Uliona huu mstari mrefu? Na hili tone jeusi juu yake?"

"Niliona. Nilidhani ni pambo."

"Tone ni pale shanga ilipomkadiria. Shanga haiulizi watoto wote maswali sawa. Ukijibu vizuri inakupa gumu zaidi. Ukikosa inakupa jepesi, na jepesi zaidi, inashuka nawe mpaka ikute mahali unapojibu nusu na kukosa nusu. Hapo inatia tone."

Nilikumbuka Ikupa mlangoni na pindo la sketi yake. Aliniambia. Mtoto aliniambia kwa mdomo wake.

"Na hiki kivuli cha kijivu, kushoto na kulia?"

"Hicho ndicho watu hawakisomi, bibi. Kivuli ni shanga inakiri kwamba haina hakika. Ingempima Ikupa siku nyingine, tone lingeweza kuangukia popote humo ndani. Pengine siku zile alikuwa na mafua. Pengine mvua ilikuwa inapiga bati." Akaweka ukucha juu ya mstari mwembamba mwekundu. "Huu ni mpaka wa Ngazi ya Pili. Tone liko chini yake kidogo. Lakini kivuli, tazama, kimevuka."

"Kwa hiyo huenda si wa kwanza. Wa chini, nataka kusema."

"Huenda. Kivuli kikivuka mpaka, mlezi ana haki ya kukataa, mtoto akapimwa upya. Mradi hajabonyeza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Nilikuwa nasugua magoti yangu kwa viganja.

"Nimebonyeza. Sikuelewa."

"Sheria ina milango miwili," akasema. Nilisikia sauti yake imebadilika, imekuwa ya kukariri. "Mlango wa kwanza ni radhi ya mlezi. Mlezi anayejua kusoma anaruhusiwa kosa moja katika maisha yake, kwa ripoti moja. Unaomba radhi, Ikupa anapimwa upya wiki ijayo, kitabu kinaamka leo hii."

"Naomba hiyo."

"Bibi, kwanza nikuulize. Hizi nyingine saba zina kidole chako kwenye duara la msomaji."

"Nami nitawaombea radhi hao pia."

"Radhi ni moja. Na hao saba hawana rufaa, kwa sababu walisomewa. Msomaji akishasoma, sheria inasema wameelewa."

Nje nilimsikia Lugano anamtania mtu kuhusu viatu vyake.

"Na mlango wa pili?"

Ambwene alitazama dirishani kabla ya kujibu. "Ni kama msomaji hakuwa msomaji. Ikionekana hajui kusoma, basi hakuna aliyesomewa. Ripoti zote nane zinafutika, vitabu vinaamka, watoto wanane wanapimwa upya. Si kwamba wote watapanda. Wengine watarudi pale pale. Lakini watapimwa, na safari hii mfafanuzi atapelekwa mpaka kijijini."

"Huo mbona ni mzuri?"

"Asiyejua kusoma karatasi zinalala machoni pake, zote. Na mtoto hakai na mlezi aliyebonyeza duara la msomaji ilhali hajui kusoma; wenzako hawakulibonyeza, wao hawaguswi. Anapelekwa bweni la jimbo, kuna wa kumsomea ripoti zake. Likizo atakuja."

"Lini?"

"Wanakuja kuchukua Jumapili."

"Tena mimi najua kusoma, mwanangu. Itakuwa uongo."

"Ndiyo, bibi," akasema. "Itakuwa uongo."

*

Nilitoka barazani. Ikupa alikuwa na kitabu chake mapajani, anakifungua na kukifunga. Lugano alinisogezea nafasi.

"Wamekupa soda?" akauliza.

"Hawajanipa."

"Basi mambo ni mabaya."

Niliwaeleza yote miwili. Nilieleza milango jinsi ilivyo, bila kupunguza, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kumsomea mtu kitu nusu. Ikupa alisikiliza huku anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha.

"Chukua radhi," Lugano akasema. "Usinitazame hivyo. Mtoto huyu umemlea kwa mgongo, sasa umpeleke akalale na watu asiowajua? Wale wengine walibonyeza kwa vidole vyao."

"Kwa mdomo wangu."

"Sote tulicheka siku ile."

"Wewe hukubonyeza."

"Mimi nilikuwa na hasira, sikuwa na akili!" Alisema kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka.

Ikupa akauliza, "Kitabu cha Tusekile nacho kimelala?"

"Nadhani kimelala."

"Kile cha nyuki?"

"Sijui alikuwa anasoma nini, mama."

"Cha nyuki. Alifika kwa malkia." Akaendelea kukwangua. "Mimi ukurasa wa arobaini ulinisomea. Yeye nani atamsomea?"

Sikumwuliza anataka nini. Ningemwuliza, ningekuwa namtwisha mtoto kikapu changu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitembea mpaka mwisho wa baraza nikarudi. Kila niliposema moyoni nitachukua radhi, nilimwona mama Tusekile anafagia yale manyoya. Kila niliposema nitaingia mlango wa pili, nilikiona kitanda cha Ikupa kimetandikwa vizuri, hakijalaliwa.

Na lile la uongo. Nimemchapa Ikupa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa uongo. Alisema amefunga banda la kuku, hakulifunga. Nilimwambia mwongo hata akifanya jema hakuna wa kumwamini. Alikuwa na miaka mitano, akalia mpaka akalala. Sasa nilikuwa nimekaa naye benchi moja, na yeye anajua ninachokwenda kufanya humo ndani nikiingia.

Saa tisa na robo nikafunga kanga vizuri kiunoni.

"Ikupa."

"Abee bibi."

"Banda la kuku. Unakumbuka?"

Alinitazama muda mrefu. "Nakumbuka."

"Nilikuchapa kwa haki. Na leo ungekuwa na haki ya kunichapa mimi."

Akashika pindo la kanga yangu, akaliachia.

*

Ambwene alinibandika shanga nyuma ya sikio kwa mikono yake. Ilikuwa ya baridi, kisha ikapata joto la ngozi nikasahau iko wapi. Akatandaza karatasi hai mbele yangu.

"Nikueleze inavyofanya kazi," akasema polepole, kama anayesoma kanuni tu. "Haisikilizi mdomo peke yake. Inatazama macho. Jicho linalojua kusoma likikutana na neno hulisoma, hata mwenyewe asipotaka. Linasimama kidogo mwanzo wa neno, linaruka, linasimama tena. Jicho lisilojua huwa linatembea tu."

"Linatembea wapi?"

"Popote, bibi. Kama unavyotazama shamba."

Akainuka, akaenda dirishani akanipa mgongo. "Kazi yangu ni kufafanua," akasema. "Kutazama si kazi yangu."

Sauti ikaja kichwani, ya mwanamume mpole. Soma yaliyoandikwa.

Ilikuwa habari ndefu kuhusu mitambo ya upepo. Nikataka kuisoma, Mungu anisamehe, hata kwa udadisi tu. Lakini nikafanya kama kwenye mche wa chai. Mchumaji mzuri hatazami jani moja moja, angekesha hapo. Anatazama rangi, ule ukijani wa juu, macho yanateleza. Nikayaacha yateleze. Niliona weusi na weupe, weupe na weusi.

"Sijui," nikasema.

Ikashuka. Soma yaliyoandikwa. Mistari mitatu, mambo ya mvua na milima.

"Sijui."

Ikashuka tena. Sentensi moja. *Mama anapika ndizi.* Hiyo nilifundishwa na mwalimu wangu wa darasa la pili, mwanamke mwenye pengo aliyekuwa anatupigia makofi. Nikailazimisha iwe matawi ya mti, iwe njia za siafu. Jasho lilinitiririka mgongoni na chumba kilikuwa cha baridi.

"Sijui."

Nilihisi ninavyoshushwa, kijiti kwa kijiti, mguu unatafuta chini. Maneno mawili. Neno moja. *Maji.* Sijui. *Ng'ombe.* Sijui. Shanga haikuchoka, haikukasirika. Ambwene aliniambia baadaye kwamba neno la mwisho shanga hailichagui kwenye orodha yake. Inachukua lile ambalo macho yako yamelisoma mara nyingi kuliko mengine yote tangu karatasi hai zikujue, kwa sababu asiyelijua hilo hajui lolote.

Karatasi ikawa nyeupe, halafu katikati yake likatokea.

IKUPA

Nilikuwa nimeliandika kwa mkaa ukutani alipokuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimelitafuta kwenye kila orodha ya shule, kila mwaka, kwa kidole, kutoka juu kwenda chini. Macho yangu yalikuwa yanataka kusimama pale kama ng'ombe anavyojua zizi lake. Nikatazama I, nikaona fimbo. K, mti uliovunjika. U, kikombe. P sikuweza kuifanya chochote. Nikaitazama mpaka ikapoteza jina.

Soma yaliyoandikwa, ikasema sauti.

"Sijui," nikasema. "Sijui hilo ni nini."

Kisha neno likafifia mbele yangu, si lote kwa mara moja, herufi ya nyuma kwanza. Ambwene alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu. Akanishikia karatasi nyingine ambayo kwangu ilikuwa nyeupe kabisa, akaniongoza kidole mpaka mahali pa kubonyeza.

"Ripoti nane zimefutwa," akasema. "Saa kumi kasoro dakika saba. Ndaga, bibi."

Ndaga kwetu ni ahsante, na ni pole pia. Sikumwuliza alikusudia ipi.

Barazani Lugano alisimama haraka mpaka kanga ikamdondoka.

"Umepata ngapi?"

"Ngazi ya kwanza," nikasema.

Akanitazama usoni, kisha akaweka kiganja mdomoni akapiga vigelegele, virefu, vile vile vya siku ile ya magunia, huku machozi yanamshuka. Watu wote wa benchi wakatugeukia. Bwana mmoja mwenye kofia akasema hongera mama. Nikaitikia ahsante.

Ikupa hakupiga. Alikuwa amefungua kitabu. Alizigeuza kurasa haraka, mbele na nyuma, midomo inatembea, halafu akatulia. Nikaenda nikakaa kando yake. Nikachungulia begani, kwa mazoea. Kwangu ukurasa ulikuwa mweupe kama maziwa, hata lile ziwa halikuwepo. Aliniona ninavyotazama, akaelewa. Zilikuwa zimebaki siku tano mpaka Jumapili, na kitabu kina kurasa mia na kumi.

Akaweka kidole kwenye weupe ule, juu kabisa, upande wa kushoto.

"Ukurasa wa arobaini," akasema. "Nikiharakisha sana unisimamishe."

"Soma," nikamwambia.